Zamu ya Maji

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayekwenda kusoma Uswisi husikia sauti mbili kuhusu siku zake za mapumziko, na zote mbili humpoteza. Mabango ya stesheni humwambia kwamba milima na maziwa ni starehe: theluji, jibini, picha ya kutuma nyumbani. Nyumbani nako humwambia kwamba hakutoka kwao kwa ajili ya starehe, kwamba ada imelipwa kwa jasho la watu, na kwamba Jumamosi ni ya maktaba au ya kubeba boksi. Sauti hizo zinabishana juu ya kwenda au kubaki, lakini zinaafikiana katika jambo moja, nalo ndilo ninalolipinga: kwamba safari ya wikendi kwenda mji wa mlimani au wa ziwani ni likizo ya masomo. Kwangu mimi ni sehemu ya masomo yenyewe, na mtu aliyetoka miteremko ya Kilimanjaro, kandokando ya Ziwa Victoria au kwenye vilima vya Kigezi ana sababu ya pekee ya kuidai. Huko ndiko mtu anakoona jinsi watu waliokuwa maskini walivyopatana kuhusu maji, malisho, njia na saa, wakayaandika mapatano yao na kuyalinda kwa karne nyingi.

Safari zangu huanzia Basel, mji ambao Watanzania wengi wa fani ya afya wanaufahamu. Rudolf Geigy, mwanzilishi wa taasisi ya magonjwa ya tropiki ya mji huo, alifika Ifakara mwaka 1949, na undugu wa kitaaluma uliozaliwa hapo haujakatika mpaka leo. Basel wenyewe hauna mlima wala ziwa. Una mto Rhine na viwanda vya dawa. Lakini Luzern na ziwa lake ni mwendo wa kama saa moja kwa treni, na Visp, mji mdogo katika bonde la Rhône chini ya vilele vya zaidi ya mita 4,000, ni kama saa mbili. Somo la kwanza huanza kabla mlima haujaonekana. Tangu mwaka 1982 treni za Uswisi hufuata ratiba inayojirudia: treni ya kwenda mahali fulani huondoka dakika ileile ya kila saa, asubuhi hadi usiku. Mwaka 1987 wananchi waliidhinisha kwa kura mpango mkubwa zaidi, ambao hatua yake kuu ilikamilika Desemba 2004, wa kuzifanya treni zikutane katika stesheni kubwa kwa wakati mmoja, ili abiria ashuke behewa moja na kukuta jingine linamngoja, na mbele yake basi la kijijini au boti ya ziwani. Njia ya Zürich hadi Bern ilijengwa upya ili mwendo uwe chini ya saa moja, basi. Wahandisi walipima kasi kwa mahitaji ya anayeunganisha safari, na anayeunganisha safari mara nyingi ni mtu wa kijijini. Atakayeipanda treni hiyo akiwa na kalamu mkononi ataona kwamba ratiba nayo ni mapatano ya zamu.

Luzern naupita haraka. Daraja lake la mbao liliungua Agosti 1993 na kufunguliwa tena mwaka uliofuata, na watalii hulijaza kila siku. Nitataja meli zake tu. Ziwa hilo lina meli tano za mvuke zenye magurudumu ya ubavuni, na kongwe kati yake, Uri, ilianza kazi mwaka 1901. Katika miaka ya 1970, zilipoonekana zimepitwa na wakati, wapenzi wa meli waliungana na kuchangishana ili zisiishie kwenye chuma chakavu. Leo bado hubeba watu kwa ratiba ya kawaida, hadi Vitznau, ambako mwaka 1871 reli ya kwanza ya meno barani Ulaya ilianza kuupanda mlima Rigi. Watu wa Kigoma wanaoijua Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, wanajua thamani ya chombo kikongwe kilichounganisha vijiji kwa miaka mingi. Umri wa meli si hoja. Hoja ni nani anakubali kuilipia.

Mahali ninapotaka kukaa ni njia ya kwenda Zermatt. Ukishuka Visp unapanda treni nyekundu nyembamba inayolipanda bonde, na karibu kila aliyemo anakwenda kuiona Matterhorn, mlima wa mita 4,478 uliopandwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Julai 1865 na watu saba, wanne wakafa wakati wa kushuka. Wachache hushuka katikati, Stalden, ambako basi la njano la posta hupanda kwa kona kali hadi Törbel, kijiji kilichojishikiza kwenye mteremko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kijiji hiki hakimo kwenye mabango ya stesheni. Kina nyumba za mbao zilizogeuka nyeusi kwa jua la karne nyingi, maghala yaliyoinuliwa juu ya mawe bapa ili panya wasipande, na kimya. Hata hivyo jina lake limo katika vitabu vya vyuo vikuu duniani kote. Mwaka 1483 wakazi wake walitia saini mkataba wa kuunda chama cha kusimamia malisho ya juu, misitu na ardhi isiyolimwa. Mwaka 1517 wakaweka kanuni ambayo kila nikiifikiri naiona kuwa miongoni mwa sheria bora zilizopata kuandikwa na wakulima: hakuna ruhusa ya kupeleka malisho ya juu ng'ombe wengi kuliko wale unaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Majani makavu ya majira ya baridi hutoka katika shamba lako mwenyewe. Kwa hiyo ukubwa wa kile ulicho nacho peke yako ndio unaoweka mpaka wa kile unachoweza kuchukua katika cha wote, na hakuna mwenye fedha anayeweza kununua ng'ombe mia mwezi wa Juni na kuumaliza mlima kabla ya Septemba.

Mwanaanthropolojia Robert Netting alikichunguza kijiji hicho, na kitabu chake kikatoka mwaka 1981. Kupitia kazi yake Elinor Ostrom aliitumia Törbel kama mmoja wa mifano mikuu katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu mali ya pamoja, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Mpaka wakati ule wasomi wengi waliamini kwamba kitu cha wote lazima kiharibiwe, isipokuwa kikigawiwa watu binafsi au kikichukuliwa na serikali. Kijiji cha wafuga ng'ombe kilikuwa kimeikanusha imani hiyo kwa karibu miaka 500. Lakini kuna jambo ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi. Kabla ya kwenda Uswisi, Netting alikuwa amefanya utafiti wake wa kwanza mkubwa miongoni mwa Wakofyar, wakulima wa milimani nchini Nigeria. Macho aliyokwenda nayo Alps yalikuwa yamekwisha kufunzwa na wakulima wa Afrika.

Maji yana habari yake. Bonde la Rhône ni kavu, kwa sababu milima ya pande zote mbili huikinga mvua isifike. Wakulima walichimba mifereji ya kuyaleta maji ya theluji na barafuto inayoyeyuka hadi mashambani, kwa kilomita nyingi, na palipokuwa na jabali wima wakatundika mabomba ya mbao yaliyo wazi juu kwenye uso wa mwamba. Kila nyumba ilikuwa na saa zake za kufungulia maji, na haki hizo zilichongwa alama kwenye vijiti vya mbao ili pasiwe na ubishi. Leo kando ya mifereji hiyo kuna njia za miguu, na mtu anaweza kutembea nusu siku bila kupanda wala kushuka sana, maji yakimsindikiza ubavuni. Mchaga hahitaji kufafanuliwa chochote hapa. Mifongo ya Kilimanjaro, mifereji iliyochongwa na mababu kabla ya ukoloni, inayovuka makorongo na kuingia vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, ina zamu zake, wazee wake wa kugawa maji, na siku yake ya wote kutoka na majembe kuisafisha. Umbali kati ya Moshi na Visp ni mkubwa, lakini mzee wa mfongo na mlinzi wa mfereji wa bonde la Rhône wangeelewana kwa ishara za mikono. Tofauti ninayoiona ni ya heshima. Umwagiliaji wa asili wa Uswisi na nchi kadhaa jirani uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika Desemba 2023, na mfereji una kibao, ramani na mtu wa kuutunza. Mgeni anayepita Marangu kuelekea kileleni anaweza kuuvuka mfongo bila kuambiwa kwamba amekanyaga kazi ya kihandisi. Mwanafunzi aliyeuona wa kule atarudi akiutazama wa kwao kwa macho mengine, na sijui mhadhara unaoweza kumpa hilo.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba Uswisi ni tajiri, na tajiri hana la kumfunza maskini ila kuonyesha utajiri wake. Nalielewa, kwa kuwa ndivyo nchi hiyo inavyojitangaza. Lakini historia inakataa. Mwaka 1517 Törbel ilikuwa kijiji cha watu wa mkate mgumu na maziwa. Mwaka 1819 Waswisi kama 2,000 waliihama nchi yao kwa ajili ya shida na kwenda Brazil, wakaanzisha Nova Friburgo, na wengi walikufa njiani. Mabonde ya Ticino yalipeleka watoto wadogo kusafisha mabomba ya moshi katika miji ya Italia. Watoto wa maskini waliendelea kugawiwa kwa wakulima kama vibarua hadi katikati ya karne ya 20, na serikali iliwaomba msamaha rasmi mwaka 2013 tu. Mapatano ya malisho na maji yalitangulia utajiri. Yalikuwa njia ya maskini ya kutokufa njaa.

Utajiri ulipokuja, kitu cha kwanza ulichofanya kilikuwa kuchafua. Mwaka 1963 homa ya matumbo ilizuka Zermatt, mji wa watalii uliokwisha kuwa maarufu duniani, na mamia ya watu wakaugua kwa sababu ya maji machafu. Miaka miwili baadaye, ni watu 14 tu kati ya kila 100 nchini humo ambao majitaka yao yalikuwa yakisafishwa kwenye mtambo. Mengine yaliishia mitoni na ziwani, na mwani ulitanda hata sehemu nyingine kuogelea kukawa hatari. Leo ni watu 97 kati ya 100. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna kodi, mabomba, sheria, na marufuku ya fosfeti katika sabuni za kufulia iliyoanza mwaka 1986, ambayo wenye viwanda hawakuifurahia. Anayesimama Lausanne au Thun na kuona mawe ya chini ya ziwa akadhani ni zawadi ya Mungu kwa Waswisi atakuwa ameona nusu. Aliyekulia Mwanza au Kisumu, akiijua harufu ya majitaka yanapoingia Victoria na akiyajua magugumaji, ndiye anayeweza kuisoma nusu nyingine, na kuisoma kwa matumaini, kwa kuwa ziwa lililosafishwa ndani ya kizazi kimoja ni ushahidi wa kutosha kwamba kazi hiyo inawezekana.

Ziwa Léman lina ushahidi mwingine wa aina hiyo. Kati ya Lausanne na Montreux miteremko ya Lavaux imejengwa ngazi kwa ngazi za kuta za mawe, kila moja ikibeba mizabibu, kazi iliyoanzishwa na watawa wa zama za kati. Ardhi hiyo inaangalia ziwa na Alps, na kila mwenye fedha angependa kujenga hapo. Mwaka 1977 wapigakura wa jimbo la Vaud waliamua ilindwe, miaka 30 kabla ya UNESCO kuitambua mwaka 2007. Mwaka 2012 nchi nzima ilipiga kura kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kijiji au mji, ili vijiji vya milimani visigeuke safu ya madirisha yaliyofungwa. Na mwisho wa njia hiyo ya kutoka Lausanne, Montreux, kandokando ya maji, imesimama sanamu ya mzaliwa wa Zanzibar: Freddie Mercury, aliyezaliwa Farrokh Bulsara Mji Mkongwe mwaka 1946, na aliyerekodi muziki wake wa mwisho katika mji huo. Wazanzibari wapitao hapo hupiga picha. Nawashauri waendelee kwa miguu hadi kwenye kuta za Lavaux, kwa maana kwao pia kuna Mji Mkongwe unaogombewa na wenye hoteli.

Suala la fedha silipuuzi. Mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya huruhusiwa kufanya kazi saa 15 tu kwa wiki wakati wa muhula, tena baada ya miezi sita ya mwanzo, na zamu ya Jumamosi huenda ndiyo kodi ya chumba. Asiyeweza kwenda asijilaumu. Lakini gharama kubwa ya safari hizi haitokani na umbali. Inatokana na kufuata vilele vinavyouzwa. Reli ya Jungfraujoch, iliyofika mita 3,454 mwaka 1912, ni ghali na sioni ulazima wake. Kadi ya nusu nauli huikata tiketi katikati, chapati na maharage hukaa vizuri kwenye kopo hadi mchana, na kutembea hakulipiwi: sheria ya kiraia iliyoanza kutumika mwaka 1912, kifungu cha 699, humruhusu kila mtu kuingia msituni na malishoni, hata kuchuma matunda mwitu, kwa kiasi cha desturi ya mahali. Zaidi ya hayo, mimi natetea kurudi. Bonde moja mara nne, kwa majira manne, hufunza kuliko miji kumi mara moja moja. Utaona ng'ombe wakipanda na wakishuka, utaona mfereji ukiwa umejaa na ukiwa umefungwa.

Kurudi huko ndiko pia jibu langu kwa wanaosema wageni wamezidi. Wanasema kweli. Iseltwald, kijiji cha watu kama 400 kando ya Ziwa Brienz, kilivamiwa na mashabiki wa tamthilia ya Korea iliyopigwa picha kwenye gati lake, hata mwaka 2023 serikali ya kijiji ikaweka geti na kutoza faranga tano kwa kila anayetaka kusimama hapo. Umati huo hauji kuishi na kijiji hata kwa saa moja. Unakuja kuchukua picha ambayo tayari umeiona. Mwanafunzi anao muda ambao mtalii hana, na anajifunza lugha ya mahali. Akienda palepale mara kwa mara, akanunua jibini kwa aliyeitengeneza, uzito wake juu ya kijiji unapungua.

Ningekuwa mwongo kama ningeyasifu mapatano haya bila kuonyesha waliofungiwa nje. Mkataba uleule wa Törbel wa mwaka 1483 ulisema wazi kwamba mgeni atakayenunua ardhi kijijini hapati haki katika malisho ya pamoja wala ruhusa ya kukata mti. Mwanafunzi mwenye kibali cha kukaa cha mwaka mmoja mmoja anaijua sauti hiyo. Wanawake nao walipata kura ya taifa mwaka 1971, na katika Appenzell Innerrhoden, jimbo dogo la milimani, wanaume walikataa kuwapa kura ya jimbo mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipowalazimisha mwaka 1990. Wapo watakaosema hayo yanabomoa hoja yangu. Naona yanaikamilisha. Mhadhara unaweza kuufanya utawala wa kijiji uonekane safi. Kijiji chenyewe kinakulazimisha uulize nani yumo ndani na nani yuko nje, na swali hilo linakurudisha kwenye mfongo wa kwenu, ambako mwanamke analima kihamba lakini mara nyingi hakai kwenye baraza la kugawa zamu.

Na mapatano yote hayo sasa yamesimama juu ya kitu kinachoyeyuka. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafuto za Uswisi zilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya robo tatu ya barafu yake tangu 1912, ingawa maji ya mifongo hutoka zaidi kwenye msitu kuliko kwenye barafu, na kwa hiyo kwetu shoka ni adui wa karibu kuliko joto. Kule barafu yenyewe ndiyo ghala la maji. Tarehe 28 Mei 2025, katika bonde la Lötschental, barafuto ya Birch iliporomoka pamoja na mamilioni ya tani za mawe na kukifunika karibu kijiji chote cha Blatten. Wakazi wake kama 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, pamoja na mifugo, kwa kuwa kulikuwa na watu waliokuwa zamu ya kuutazama mlima. Mtu mmoja alikufa. Nyumba, kanisa na vijiti vyovyote vilivyohifadhiwa ndani yake vilibaki chini ya kifusi na maji.

Treni nyingi za kurudi kaskazini jioni ya Jumapili hupita chini kabisa, katika handaki la kilomita karibu 35 lililofunguliwa mwaka 2007, na abiria haoni kitu. Njia ya zamani, ya mwaka 1913, bado inafanya kazi. Huanzia Brig, hupanda polepole ubavuni mwa bonde la Rhône, na kusimama Goppenstein, ambako basi la Lötschental hushusha watu wake. Huchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayoipanda. Kabla haijaingia mlimani, ukikaa dirisha la kushoto, unaliona bonde zima ng'ambo, na juu ya mashamba makavu unaona mstari mmoja wa kijani uliolala karibu sawasawa kwenye mteremko, mahali mfereji unapopita.